Mama Kindi na Siku ya Magomba

Hapo zamani za kale, zamani zile ambazo ngiri bado walivaa viatu wakienda sokoni, palikuwa na mji ukiitwa Vidimbwini. Sogeeni, wanangu, sogeeni, nawe usimsukume mwenzio, maana nikianza sisimami.

Wakazi wake wote walikuwa wanyama. Walikuwa na nyumba zao, vyungu vyao na magomvi yao. Wakubwa walikaa penye kivuli, wadogo wakakaa palipobaki. Mkubwa akikukanyagia mboga zako, wewe mdogo unafanya nini? Unanyamaza. Ungefanya nini?

Lakini ilikuwapo siku moja katika mwaka, Siku ya Magomba. Siku hiyo watu wanavaa nguo kinyume, wanajipaka majivu, kila mmoja anashika gomba, lile shina laini la jani la mgomba, likikupiga linalia chwap! wala haliumi. Unamwendea aliyekukosea, awe mkubwa kama nini, chwap! unamwambia usoni lililokukaa moyoni. Naye hakasiriki, halipizi, na kosa lazima alirekebishe kabla mwezi mwingine haujaandama. Gomba la kwanza likishalia uwanjani, siku imefunguka, haifungwi mpaka jua lizame. Ndiyo mila yao, wakaipenda kuliko wali wa nazi.

Basi mwaka ule Bwana Kiboko, mwenyekiti wa mji, akapata mahali papya pa kulala. Wapi? Kwenye kinjia cha kuteremkia mtoni, kinjia pekee cha wadogo! Analala, anageuka, gubu! Anakoroma, anageuka tena, gubu!

Mama Kindi alikuwa na watoto watatu. Asubuhi moja wanateka maji, Kiboko akageuka usingizini, gubu! tumbo likatua palepale aliposimama Njugu, kitindamimba. Njugu aliruka. Lakini mkia, jamani, nusu ya mkia ilibaki chini ya tumbo.

Tangu hapo Mama Kindi hakulala. Akisikia gubu tu moyo unampaa, anawapapasa watoto, huyu yupo, huyu yupo, na yule yupo, halafu anaanza upya.

"Mama," Njugu akauliza, "Siku ya Magomba utamwambia?"

"Nitamwambia. Naogopa, mwanangu, lakini nitamwambia."

Ikabaki wiki moja. Kiboko akaita mkutano. Kando yake alisimama Mzee Tembo, makamu wake, masikio yamepigwa pasi.

"Ndugu wananchi!" Kiboko akanguruma. "Sikukuu yetu imekuwa fujo. Wageni watatuonaje? Mwaka huu tunafanya kwa utaratibu. Uwanjani itafungwa kamba. Wakubwa ndani, kwenye viti. Wadogo nje. Hakuna nguo kinyume, hakuna majivu, hakuna kumpiga mtu gomba. Mwenye neno ataniletea mimi kwanza, nilipitie."

"Ukishalipitia?" akauliza Bi Kobe, mpiga ngoma wa mji.

"Nitaangalia kama lina adabu."

"Mimi nikileta la kwamba unakoroma?"

"Halina adabu!"

Wadogo wakacheka, kwi kwi kwi! Mzee Tembo akapiga hatua moja mbele, ndi! Kicheko kikakatika.

"Atakayekaidi," Tembo akasema, "nitaikalia nyumba yake."

Nani atabisha hapo? Wakarudi makwao wameinama. Siku ya Magomba bila magomba ni kitu gani? Ni sawa na pilau bila mchele, unabaki unanusa sufuria.

Bi Kobe akampitia Mama Kindi, akamkuta amejikunyata jikoni.

"Unatetemeka, mwenzangu."

"Natetemeka, tena miguu yote minne. Lakini kichwa hakitetemeki. Niambie, Bi Kobe, wewe ndiye unayeijua mila. Gomba la kwanza lazima lipigwe na nani?"

"Na yeyote. Haijasemwa nani."

"Hata mkubwa?"

"Hata mkubwa."

"Basi wewe siku hiyo njoo na ngoma yako, ukae kimya, usikilize."

Akajifunga kanga kiunoni, huyoo mpaka kwa Kiboko. "Hodi! Hodi, Mheshimiwa!"

"Nani ananiamsha?"

"Ni mimi Mama Kindi, nimekuja kukupongeza. Utaratibu wako mzuri, mzuri mno! Ila sisi wadogo, unatujua, vichwa vyetu kama kokwa la ukwaju. Ukituambia hakuna fujo, hatujui fujo inaanzia wapi inaishia wapi. Tutakosea bila kujua, wewe uaibike mbele ya wageni. Si bora mtuonyeshe? Wewe na Mzee Tembo, uwanjani, mtuonyeshe yote yaliyokatazwa, moja moja, pasiwe na wa kusema sikujua!"

Kiboko akavimbisha mashavu, akafikiri. "Wewe Mama Kindi, una akili kuliko umbo lako."

"Ni wewe tu unayetufundisha, Mheshimiwa."

Siku ikafika. Wadogo wote wamejaa nje ya kamba, kimya kama msiba. Ndani, mbele ya viti vya wakubwa, Kiboko na Tembo wamesimama kama maharusi. Mama Kindi akapanda juu ya nguzo ya kamba.

"Angalieni vizuri!" Kiboko akasema. Akavua koti lake, akalivaa mbele nyuma. "Hivi ni marufuku!"

"Tumeona, Mheshimiwa!"

Akachota majivu, akampaka Tembo usoni, paka paka paka. "Na hivi marufuku!"

"Tumeona! Na gomba je?" Mama Kindi akauliza. "Linapigwaje lile la marufuku?"

Kiboko akashika gomba, akampiga Tembo kidogo begani. Chwap! "Hivi!"

Bi Kobe akakohoa, akaivuta ngoma yake karibu.

"Mbona umepiga kwa nguvu?" Tembo akauliza.

"Ni mfano tu, Mzee."

"Basi na mimi natoa mfano." CHWAP! Kiboko akayumba mpaka kwenye viti.

"Na maneno yasiyo na adabu," Mama Kindi akadakia upesi, "yanakuwaje hayo? Hatuyajui!"

Kiboko akasugua shavu, macho mekundu. "Kwa mfano! Ni marufuku kusema kwamba Tembo hunywa kisima chote akatuachia tope!"

"Ahaa! Basi ni marufuku pia kusema kwamba Kiboko akioga samaki wanahama!"

"Marufuku kusema kwamba Tembo alipanda kitandani kwa kumkimbia siafu mmoja!"

"Marufuku kusema," Tembo akapiga kelele, "kwamba Kiboko analala njiani kwa sababu kwake kunavuja, na ni mvivu wa kuezeka!"

Loo! Hapo ngoma ikalia. Ti-ndi! Ti-ndi! Ti-ndi!

"Gomba la kwanza limelia!" Bi Kobe akapaza sauti. "Siku imefunguka!"

Kiboko akaganda, koti mbele nyuma. "Sivyo! Ule ulikuwa mfano!"

"Mila haijui mfano, Mheshimiwa," Bi Kobe akamjibu. "Nani amepiga?"

"Weweee!" mji mzima ukaitikia.

"Tembo, waambie!" Kiboko akaomba.

Tembo alikuwa amekaa chini, tumbo linamtikisika kwa kicheko, majivu yanamdondoka. "Niwaambie nini, ndugu yangu? Nimeshapakwa. Mimi naendelea." Akainua mkonga, akaing'oa kamba yote, pruuu! Wadogo wakamiminika uwanjani, makoti kinyume, majivu juu, chwap hapa, chwap kule, na vigelegele.

Mama Kindi akashuka kwenye nguzo. Akachukua gomba dogo, akaenda kusimama mbele ya Kiboko.

Chwap! kwenye goti.

"Umelala kwenye njia ya watoto wangu," akasema. "Njugu amebaki na nusu mkia. Kesho nitabaki na watoto wawili? Mimi silali. Hama."

Kiboko akamtazama. Akatazama chini, akamwona Njugu nyuma ya kanga ya mama yake, na kile kimkia.

"Kumbe alikuwa mtoto," akasema polepole. "Mimi nilidhani jani."

"Si jani."

"Nitahama leo. Lakini ni kweli, kwangu kunavuja. Na mimi paa siliwezi, nikipanda nyumba yote inashuka."

"Basi ungesema kunavuja! Usitufungie kamba. Wewe utanipa makuti kutoka chini, mimi na wenzangu tutaezeka. Sisi juu ndiko kwetu."

Kiboko akacheka, cheko la kwanza tangu masika. Akalinyoosha koti lake, lilelile kinyume, akasimama wima. "Haya, nani mwingine ana neno na mimi?"

Akageuka kutazama. Foleni ilikuwa imefika mtoni.

Kwa hiyo, wanangu, asiye na nguvu za kukata kamba humfanya aliyeifunga aifungue kwa mkono wake mwenyewe.