Lia, Mama Ipyana

Wapendwa, kaeni. Leo sikuja kuwabembeleza. Nimejaribu kulipanga neno hili kwa upole, kila nikilipanga linaharibika, kwa sababu nina hasira. Basi nimeamua kuja nalo hivyohivyo. Mtanivumilia.

Kulikuwa na mwanamke mmoja, msusi, katika mji wa baridi kama huu wetu. Alikuwa na kibanda chake cha kusukia nyuma ya stendi, viti vitatu na kioo kimoja kikubwa. Mikono yake ilikuwa myepesi, lakini wateja hawakufuata mikono peke yake. Alikuwa akiimba huku anasuka. Mtu anakaa saa tano anasukwa rasta, na anainuka hajui kwamba shingo inamuuma. Mumewe alikuwa fundi wa kuweka vigae, mtu wa maneno machache, magoti yamekomaa kwa kazi. Walijaliwa mtoto wa kiume wakamwita Ipyana. Wanyakyusa mliomo humu mnajua, hilo ni jina la neema. Na kwa desturi yetu, tangu siku ile mtaa mzima ukamwita yule msusi Mama Ipyana.

Ipyana alikufa akiwa na miezi minane. Nimonia. Alianza kukohoa Alhamisi, Jumapili wakamzika.

Sitawasimulia mazishi. Wamo humu waliozika watoto, wanajua. Wasiojua hawatajua kwa mimi kuwasimulia. Nitawaambia tu kwamba wiki sita baadaye alirudi kibandani, na mchana mmoja, amesimama nyuma ya mteja, vidole viko kwenye nywele, wimbo ukamtoka. Hakuutunga. Ulikuwa wimbo wa kumbembelezea mtoto, uleule aliokuwa akimwimbia Ipyana, ila sasa ndani yake akawa anamuuliza: huko uliko, baridi hii, nani anakufunika? Akaimba akalia, akaimba akalia, na vidole havikuacha kusuka. Mteja akainua simu, akamrekodi kupitia kwenye kioo.

Kabla jua halijazama, watu elfu arobaini walikuwa wamemwona mama yule akilia. Wiki haikuisha, wamefika milioni.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana sisi tumezoea kusimulia habari za wasanii kwa kumtafuta mwovu mmoja, meneja fulani mwenye miwani myeusi, tumbebeshe dhambi zote twende zetu. Humu hayumo. Watu wa studio walimwita kwa heshima na wakampa haki yake. Wimbo ulikuwa wa kweli. Akina mama waliofiwa walimpigia simu, wakamwambia, "Umesema la moyoni mwangu." Mwaka ule wa kwanza, wimbo ule ulikuwa zawadi, na ninalisema hili bila wasiwasi.

Uliharibikia wapi, basi?

Uliharibikia Iringa, kwenye tamasha, siku ambayo hakulia. Alikuwa amelala vizuri, ameshiba, jua linawaka, akaimba wimbo wote macho makavu. Watu walimpigia makofi ya adabu. Aliposhuka jukwaani, mwandaaji wa tamasha, mtu mstaarabu kabisa, akamwambia, "Hongera, dada, umeimba vizuri sana. Ila leo watu hawakuguswa. Ile ya kulia imekuwaje?"

"Ile ya kulia?"

"Ndiyo, pale katikati. Si unajua watu wanakuja kwa ajili ya pale?"

Hakumlazimisha. Alisema hayo tu, akaenda kumwita msanii mwingine. Lakini tamasha lililofuata, kabla ya kupanda, Mama Ipyana alijifungia kwenye gari, akafumba macho, akaanza kumkumbuka mwanawe kwa makusudi. Kile kikohozi. Kile kifua kinavyopanda na kushuka. Alipopanda jukwaani machozi yalikuwa tayari. Uwanja ukalipuka.

Mnaona alichokifanya? Hakuna aliyemshika mkono. Alichukua kidonda chake mwenyewe, akakichokonoa kwa ukucha wake mwenyewe, kwa kuwa alishajifunza kwamba hicho ndicho watu wanachokipenda kwake. Mnyonyaji na mnyonywaji walipanda jukwaani ndani ya gauni moja! Na sisi tulikuwa wapi? Tulikuwa tunasema, "Yule dada ana kipaji."

Baada ya muda kikohozi hakikumliza tena. Akatafuta kingine. Akaanza kupanda na shati la mtoto. Shati nalo likazoeleka. Ulipotimia mwaka wa pili wa kifo, akapanga kwenda makaburini na mpiga video, aonekane anafagia kaburi.

Mumewe alikuwa anakula. Akaweka kijiko chini.

"Mama Ipyana, kaburi lile ni letu wawili."

"Najua, baba. Ni dakika tano tu. Watu wanasubiri."

"Watu gani?"

"Watu wangu."

"Ipyana alikuwa na watu wawili duniani," mumewe akasema. "Mmoja siku hizi sijui yuko wapi."

Alikwenda. Video ile ilitazamwa kuliko zote. Na mwanamke huyu, ambaye sura yake ilikuwa kwenye mabango kutoka Tunduma mpaka Morogoro, alimpigia simu dada yake akamwambia, "Dada, nina miezi sisikii kitu. Chakula hakina ladha. Nikicheka najitazama ninavyocheka. Nikilia najitazama ninavyolia. Hata sijui kama bado nimefiwa."

Dada yake akamjibu, "Ebu mshukuru Mungu. Unajua ni wangapi wanaitafuta nafasi kama yako?"

Ndivyo tunavyojibu! Mtu anatuambia anazama, sisi tunamsifia maji.

Ikapita muda, Mungu akawapa mtoto mwingine, wa kike, wakamwita Subilaga. Ana miezi kumi, asubuhi moja homa ikampanda ghafla. Mume yuko uani anapakia vigae kwenye bajaji. Mama yuko chumbani na mtoto. Degedege ikamkamata mtoto, mwili ukakakamaa, macho yakageuka. Na mkono wa mama ukaenda kwenye simu.

Labda mnadhani alitaka kupiga simu kuomba msaada. Hapana. Mkono ulifungua kamera. Ukatafuta upande wenye mwanga. Sekunde kumi na moja. Alikuja kujua kuwa ni kumi na moja kwa sababu zilikuwa zimeandikwa pale chini ya video. Mumewe aliposikia kilio cha mtoto kimekatika ghafla aliingia, akamkuta mkewe ameinua simu juu ya mtoto aliyekakamaa, na analia vizuri sana.

Hakupiga kelele. Alimnyakua mtoto, akakimbia naye kituo cha afya, kiatu kimoja kiko mguuni na kingine kimebaki mlangoni. Mama alibaki amesimama kama aliyesahau nyumba ni ya nani. Kisha naye akakimbia.

Mtoto alipona. Manesi walimshusha homa, wakampa dawa, mchana akawa ananyonya. Pale kwenye benchi la kituo Mama Ipyana akamsogezea mumewe simu.

"Angalia uso wangu."

"Sitaki kuiona."

"Iangalie, nakuomba. Mwanangu anakufa, na mimi nimejipanga nionekane vizuri."

Akaiangalia. Mkewe akaifuta mbele ya macho yake, akasema, "Sitalia tena kwa ajili ya watu." Na yule fundi, ambaye kwa miezi mingi alikuwa akilala ameupa ukuta uso, akamwekea mkono begani, wakakaa hivyo mpaka walipoitwa kuchukua dawa.

Lakini alikuwa ameshaahidi tamasha moja, na alikuwa mtu wa kutimiza neno. Akaenda. Safari hii alipanda jukwaani na wimbo mpya, wa kumchezesha Subilaga, wimbo wa kucheka. Hakumaliza hata ubeti mmoja. Kona moja ya uwanja ikaanza kuita, "Ipyana! Ipyana!" Uwanja mzima ukapokea. Fikirieni jambo hilo. Maelfu ya watu wazima, mishikaki mkononi, wanapiga kelele jina la mtoto aliyekufa, kama wanavyoshangilia timu ya mpira! "Lia, Mama Ipyana! Lia!"

Akawaambia, "Ndugu zangu, leo mimi ni mzima. Mtoto wangu alikuwa mgonjwa, amepona. Nifurahieni."

Chupa ya maji ikampiga begani.

Akaweka maiki chini, akashuka, akarudi nyumbani. Kabla hajafika watu walishaandika mtandaoni. Amejisahau. Amekwisha. Mmoja akaandika, na wengi wakamuunga mkono, kwamba huyu hata huyo mtoto hakumpenda. Eti hakumpenda, kwa sababu ameacha kumlilia mbele yao!

Nawaona mnatikisa vichwa. Mzee pale amesema "dunia hii!" Mnasikitika, mnawashangaa watu wa matamasha. Subirini, sijamaliza.

Jumapili iliyofuata Mama Ipyana alikwenda kanisani. Alijifunga kitenge, akambeba Subilaga mgongoni, akakaa benchi la mwisho kabisa, karibu na mlango. Alitaka mahali pamoja tu duniani ambapo hakuna anayemngoja afanye kitu. Wimbo wa kwanza ukaimbwa, wa pili ukaimbwa, na kifua chake kikaanza kulegea. Ndipo mchungaji akamwona. Uso ukamchangamka. Akachukua maiki.

"Wapendwa, leo tumetembelewa! Mama Ipyana, pita mbele, mama. Utupe ushuhuda. Na ule wimbo, mama, ule wa mtoto, utuimbie tubarikiwe!"

Kanisa zima likageuka. Vigelegele. Akina mama wakatoa leso kabisa, wakaziweka tayari mapajani. Simu zikainuka benchi kwa benchi.

Akasimama. Akasema kwa sauti ndogo, "Mchungaji, nilikuja kusali."

"Utasali tu, mama. Utubariki kwanza."

Akatoka. Hakurudi tena, kanisa lile wala lingine.

Haya, semeni sasa. Uwanja ule na kanisa lile vinatofautiana nini? Kule walitupa chupa, huku tulipiga vigelegele, basi! Kule walisema "lia", huku tulisema "tubariki". Na ninasema "tuli" kwa makusudi. Sisi ndio tuliomfundisha kwamba akiwa mzima hatuna haja naye. Sisi tunaofungua simu asubuhi kutafuta nani kaachwa, nani kalazwa, nani kaporomoka jukwaani, tunampelekea picha ya moyo mwekundu na kusema tumempa upendo. Msanii anajichuna ngozi mbele yetu na sisi tunamwambia ageuke kidogo, upande ule hatujauona!

Na mimi nisijitoe. Mwaka jana nilihubiri habari za kifo cha baba yangu mara nne. Mara ya kwanza mlikuwapo, sauti ilinikatika na sikujua kama ingekatika. Mara ya nne nilikuwa kwenye semina ya vijana Tukuyu. Nilijua kabisa ni kwenye sentensi gani nitashusha sauti. Nikaishusha. Nikaona mabinti wanafuta macho, na moyoni nikafurahi. Nilifurahi, ndugu zangu! Baba yangu alihangaika kitandani siku kumi na tisa, na mimi nimezigeuza kuwa ufundi wa kuhubiri. Mungu anisamehe. Hamtanisikia tena nikisimulia.

Yupo dada humu ndani, alimzika mumewe mwezi uliopita. Sitamtaja, na msigeuke kumtafuta. Wiki hii kiongozi mmoja wa kwaya alinijia akasema, "Mchungaji, huyu dada tumpe asimamie wimbo peke yake Jumapili. Kwa sasa ataimba kwa hisia kweli." Na mimi mchungaji wenu nikatabasamu, nikasema, "Wazo zuri."

Nimelifuta. Dada yangu, hutaimba leo. Kaa hapo ulipo. Ukitaka kulia, lia. Ukitaka kucheka, cheka. Ukitaka kulala usingizi, lala, hii ni nyumba ya Baba yako.

Sasa tuombe. Kila mtu afumbe macho. Nimesema fumbeni. Asiwepo hata mmoja anayemtazama mwenzake.