Njia ya Baiskeli ya Mzee Kiboko

Nikisema "Kengele", nyinyi itikieni "Kiring'i". Tujaribu.

"Kengele!"

"Kiring'i!"

Hapana, hiyo ni kengele iliyolala nje na mvua. Na wewe uliyenyoosha miguu hapo mbele, ikunje, hadithi yangu inataka pa kupita. Tena.

"Kengele!"

"Kiring'i-kiring'i!"

Haya, sasa imeingia.

Hapo kale, lakini si kale sana kwa sababu baiskeli zilikuwepo, kulikuwa na mji wa wanyama. Mji huo ulikuwa na barabara moja ya lami, iliyotoka bwawani mpaka stesheni ya treni. Barabara hiyo ilikuwa na Mwenyekiti wake, naye ni Mzee Kiboko. Mnataka kujua alichaguliwa vipi? Siku ya uchaguzi alilala katikati ya lami tangu asubuhi, na waliotaka kumpinga hawakupata pa kupita kwenda kupiga kura. Basi akashinda kwa kishindo.

Kila asubuhi Kiboko alitoka bwawani kwenda malishoni, ndu, ndu, ndu. Kila jioni alirudi, ndu, ndu, ndu. Alipita katikati, na ubavu wake ukajaza lami huku na huku. Wanyama wadogo walikuwa na baiskeli zao, na kila walipomwona anakuja walijua pa kwenda. Kobe na ndoo zake za maji, mtaroni. Kanga, karani wa mji, na madaftari yake, mtaroni. Wanatoka huko wamechafuka, wananyoosha usukani, wanaendelea na safari.

Mjini humo alikuwepo Pimbi, fundi baiskeli. Pimbi mnamjua: mfupi, mnene kidogo, mkia hana, na habari kwamba yeye ni mdogo hajapata. Kibanda chake kilikuwa jirani na stesheni, na rafiki yake mkubwa alikuwa Digidigi, muuza uji wa ulezi. Digidigi alifunga chupa nne za uji nyuma ya baiskeli, akawahi treni ya asubuhi, na kwa uji huo akalisha watoto wake watatu.

Asubuhi moja Kiboko akaja, ndu, ndu, ndu. Digidigi akakwepa, gurudumu likateleza, puu, yeye mtaroni, uji mtaroni, mguu wa mbele umevunjika. Kiboko hakugeuka hata kutazama. Mganga wa mifupa akafunga mabanzi, akasema, "Miezi miwili. Halafu utapanda tena."

Digidigi akasema, "Sipandi tena. Nikianguka mara ya pili, wanangu atawalisha nani?"

Pimbi alikuwa amekaa kando ya kitanda. Roho ilimuuma, maana baiskeli ile aliiunda yeye kwa mikono yake, spoku kwa spoku. Akasema, "Shoga yangu, siku ya kufungua mabanzi utakuta njia ya baiskeli pembeni ya barabara. Isipokuwepo, nami sitengenezi baiskeli tena maisha yangu."

Digidigi akamwangalia. "Usiape kitu ambacho Kiboko ndiye mwenye ufunguo."

"Nimeshaapa," Pimbi akasema.

Basi ikaundwa Kamati ya Baiskeli. Hakuna aliyelipwa, hakuna aliyepewa hata kofia. Walikutana jioni kila mmoja akishamaliza kazi zake, Pimbi na mikono ya grisi, Kobe na ndoo zake, Kanga na kalamu nyuma ya sikio. Msiniulize sikio la kanga liko wapi, kalamu ilikaa. Siku nzima walikaa njia panda kuhesabu. Baiskeli ikipita kwa mara ya kwanza siku hiyo, Kobe anatumbukiza kijiwe kwenye kopo, ti. Nyingine, ti. Nyingine, ti. Jua lilipozama, kopo lilikuwa na vijiwe mia tatu na kumi na viwili. Na kopo la viboko lilikuwa na kijiwe kimoja.

Pimbi akapanda baiskeli yake, kichaka-kichaka-kichaka, mpaka bwawani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Nani anaongea? Sioni mtu."

"Ni Pimbi, huku chini. Tumeleta barua ya Kamati. Tunaomba kipande kidogo cha pembeni, pale penye miiba, baiskeli zipite."

Kiboko akapiga miayo, na miayo ya Kiboko unaiona mpaka tumboni. "Barabara ni yangu na ubavu wangu. Pembeni ni akiba ya ubavu wangu. Njoo kesho."

Kesho yake, kichaka-kichaka-kichaka, mpaka bwawani. Safari hii barua ina alama za vidole za mji mzima. "Barabara ni yangu na ubavu wangu. Pembeni ni akiba ya ubavu wangu. Njoo kesho."

Kesho yake tena, kichaka-kichaka-kichaka. Safari hii Pimbi kabeba kopo la vijiwe ahesabiwe mbele ya macho yake. Kiboko akadhani ni karanga, akalitia kinywani lote. Akatafuna, akatema kopo. "Karanga zenu ngumu. Njoo kesho."

Wakamalizia hapo? Nani kasema? Walikwenda mpaka siku ya kumi na nane tangu Digidigi aanguke.

Siku ya kumi na nane Pimbi alirudi kibandani, akageuza baiskeli ya mtu juu chini, akawa anazungusha pedali bila kazi. Zilibaki siku arobaini na mbili. Kanga alikuwa amekaa kwenye benchi, analalamika.

"Na ana uso mkavu yule," Kanga akasema. "Kumbe hata hiyo njia yake ya kuingia bwawani alikuwa anafungiwa. Si inapita shambani kwa Mzee Nyati? Nyati alitaka kuiziba kwa ukuta. Kiboko akalia mbele ya baraza mpaka ikatungwa Sheria ya Siku Arobaini. Niliiandika mwenyewe: palipokanyagwa siku arobaini mfululizo ni njia ya wote, na njia haifungwi."

Pedali ikasimama. "Inasema miguu ya nani?"

"Haisemi. Miguu tu."

"Basi tukanyage wenyewe," Kobe akadakia.

"Atatufukuza siku ya kwanza," Pimbi akasema. "Wewe Kobe, bustanini kwako matembele yapo?"

"Yamejaa. Viazi vyenyewe sivioni kwa majani."

"Ya kutosha siku arobaini?"

Kobe akamtazama, halafu akaanza kucheka polepole, kama anavyofanya kila kitu.

Asubuhi, kichaka-kichaka-kichaka, mpaka bwawani.

"Shikamoo, Mzee. Kamati imeketi. Tumeona ombi letu lilikuwa utovu wa adabu, tumelifuta. Na kwa kukuomba radhi, kila siku tutakuwekea matembele pale pembeni kwenye akiba yako, asubuhi na jioni."

Kiboko akafungua jicho moja. "Matembele machanga?"

"Ya leo leo. Ila kuna miiba na mawe, tusingependa yakuchome. Tuyaondoe?"

"Yaondoeni. Haraka."

Wakayaondoa siku mbili, Kamati nzima, kwa jembe na panga, na kibali cha Mwenyekiti mfukoni. Pimbi akavuta kamba iliyonyooka kutoka bwawani mpaka stesheni, na matembele yakapangwa kwa kufuata kamba, jani moja kila hatua moja ya Kiboko.

"Mbona mmeyapanga kwa mstari?" Kiboko akauliza.

"Mzee, mtu wa heshima yako atakula huku anazungukazunguka?"

Kiboko akaona ni kweli. Akaingia kwenye mstari. Ndu, nyam. Ndu, nyam. Ndu, nyam. Asubuhi akaenda nayo mpaka stesheni, jioni akarudi nayo mpaka bwawani, na malishoni akasahau hata kuna nini. Akishapita, Kobe anakuja na ndoo zake kumwagia maji, eti kupoza vumbi. Kesho yake Kiboko anakanyaga tena palepale penye unyevu. Siku ya kumi pakawa pagumu. Siku ya ishirini pakawa laini, mpira ungeweza kujiendea wenyewe. Pimbi alipima upana kwa kijiti: baiskeli mbili zinapishana, na nafasi ya kusalimiana inabaki.

Siku moja Pimbi akamwambia, "Mzee Nyati ameuliza haya matembele ni ya nani."

Nanyi mnajua viboko wanavyoweka mipaka. Kiboko akageuza makalio, akazungusha mkia, pwa-pwa-pwa, samadi ukingo wa kulia. Pwa-pwa-pwa, samadi ukingo wa kushoto. Akafanya hivyo njia nzima. Na kwa kuwa Kanga hapotezi mbolea, akapita nyuma na mbegu za maboga. Baada ya wiki tatu kulikuwa na ua wa majani mabichi kati ya lami na njia. Usicheke, wewe, boga huwa unakula.

Kila jioni Kanga aliandika siku kwenye daftari, na kila jioni Pimbi alimpelekea Digidigi habari. "Thelathini na tano." "Thelathini na sita." Digidigi akawa ameanza kukaa kitandani wima.

Siku ya thelathini na nane, jua likapanda, Kiboko hakutoka. Matembele yalianza kunyauka kwenye mstari. Pimbi akaenda bwawani, akamkuta amelala na mashavu ndani ya maji.

"Tumbo," Kiboko akasema. "Sitaki kuliona jani."

Siku moja ikikatika, hesabu inaanza upya, na mabanzi ya Digidigi yanafunguliwa keshokutwa. Pimbi alitamani kulia palepale. Lakini akakaza sauti.

"Pole sana, Mzee. Pumzika, usijisumbue. Ya leo tutampa Mzee Nyati, ameshaleta kikapu."

Maji yakasimama. Halafu bwawa zima likamwagika nje, fwaaa, na Kiboko akawa juu ya ukingo. Alitembea siku ile anaguna kila hatua, ndu, uuh, nyam, ndu, uuh, nyam, mpaka stesheni, na jioni mpaka bwawani. Pimbi alitembea naye kwa miguu safari yote, akiikokota baiskeli, na Kiboko akadhani ni huruma. Na kidogo ilikuwa huruma, siwafichi.

Siku ya arobaini ikaja, ikapita. Kanga akaandika, akapiga mhuri.

Asubuhi iliyofuata Kiboko akatoka bwawani, akaangalia pembeni. Matembele hakuna. Badala yake kuna mji mzima umejipanga nyuma ya maboga, na kwenye njia yupo Digidigi, mguu hauna banzi, ameshika usukani, chupa nne za uji nyuma.

"Nani kakuruhusu?" Kiboko akanguruma. "Pembeni ni akiba ya ubavu wangu."

Pimbi akasogea mbele. "Karani, msomee Mzee sheria."

Kanga akasoma. "Palipokanyagwa siku arobaini mfululizo ni njia ya wote, na njia haifungwi."

"Kapakanyaga nani?"

"Wewe, Mzee," Pimbi akasema. "Asubuhi na jioni. Hata siku unaumwa."

Kiboko akatazama chini. Nyayo zilikuwa zake, mji huo hakuna mwingine mwenye miguu ile. Akafungua kinywa kusema sheria hiyo haifai, sheria hiyo ifutwe. Ndipo akamwona Mzee Nyati amesimama kwenye kona ya shamba lake, kando ya rundo la matofali, anamtazama kwa upole kabisa.

"Ulikuwa unasema?" Nyati akauliza.

Kinywa kikafungika, pwap. Halafu Kiboko akakohoa, akajinyoosha.

"Nilikuwa nasema," akasema, "muda mrefu nimewaonea huruma waendesha baiskeli. Nikaamua kuwatengenezea njia, mimi mwenyewe, kwa miguu yangu. Na iandikwe kwenye jiwe."

"Itaandikwa, Mzee," Pimbi akasema. Na jiwe hilo alilipaka rangi yeye mwenyewe, kwa herufi kubwa nzuri: NJIA HII IMETENGENEZWA NA MWENYEKITI KIBOKO KWA MIGUU YAKE. Lipo mpaka leo, na neno la uongo halina.

Lakini asubuhi ile hakuna aliyetazama jiwe. Wote walimtazama Digidigi. Alikuwa bado amesimama, mguu mmoja kwenye pedali, mwingine chini.

"Sijui kama ninaweza, dada," akamwambia Pimbi kwa sauti ndogo.

"Mimi niko nyuma yako. Kobe naye yuko nyuma yangu, japo atafika kesho."

Digidigi akacheka. Mguu wa pili ukapanda. Gurudumu likayumba kulia, likayumba kushoto, likanyooka. Kichaka-kichaka-kichaka, akapita kati ya maboga, Pimbi nyuma yake, na nyuma ya Pimbi baiskeli mia tatu na kumi. Kengele zililia mpaka treni stesheni ikajibu. Uji ulifika wa moto. Na yule fundi mfupi asiye na mkia alilia barabara nzima, na hakujifuta, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa kwenye usukani na alikuwa anajisikia mrefu kuliko twiga.

Hadithi imefika, naiegesha hapa. Anayeitaka aipande, lakini kesho airudishe na upepo kwenye matairi.

Na mafunzo yake ni haya, sikilizeni vizuri. Nyinyi wadogo, msiunde kamati. Msihesabu vijiwe, msipeleke barua, msisumbue wenyeviti na kazi zao. Kaeni nyumbani mtulie. Wakubwa wana huruma, njia watawatengenezea wenyewe, kwa miguu yao, kama alivyofanya Mzee Kiboko. Si mmesoma jiwe?

"Kengele!"

"Kiring'i-kiring'i!"

Haya, pisheni nipite. Naenda kupanda matembele.