Nguchiro na Tenga la Kifaru

Hapo zamani za kale (we Kibwana, kunja huo mguu, wenzako wakae!) wanyama walitumiana habari kwa vinywa vya ndege. Ndege anaruka, anafika mjini, anasema alichotumwa. Basi.

Fisi akaharibu. Akaanza kutuma habari za uongo: njooni huku kuna karamu, njooni kule kuna maji. Aliyekwenda hakurudi.

Mji ukamweka Kifaru langoni achuje habari. Macho yake hayaoni mbali, lakini adabu anaijua! Akaamuru, "Ndege asiyesalimu ni tapeli. Atiwe tengani!" Tenga likajaa, tswi tswi tswi kutwa. Ajabu, wanyama wakazidi kupotea.

Na Bi Pimbi alikuwa na binti ng'ambo ya kilima, mimba yake ya kwanza. Waliagana kwamba uchungu ukianza, binti atamtuma chiriku, mama akimbie akamzalishe.

"Nguchiro mwanangu," akamwambia jirani yake, "roho yangu haitulii. Siku zimetimia na habari sina."

Nguchiro, mdogo wa umbo lakini mwepesi wa akili, akaenda langoni mbio.

"Shikamoo, babu. Chiriku hajapita?"

"Chiriku? Kaja sasa hivi anapiga kelele, 'Mama njoo! Mama njoo!' Hakuna hodi, hakuna shikamoo. Yumo tengani."

"Mtoe, babu!"

"Thubutu! Amri ni amri."

Nguchiro hakubishana. Akamtafuta Kunguru, kibarua wa yeyote mwenye nyama, akampa mjusi mnono na kumnong'oneza.

Punde, pu! Kunguru akatua langoni. "Shikamoo, mzee wetu! Umeamkaje? Watoto hawajambo? Mama nyumbani? Na ule mguu unaokusumbua?"

"Marahaba, marahaba! Huyu kalelewa! Sema, mwanangu."

"Nyuma ya kichaka kile kuna mwamba wa chumvi, ile unayopenda kulamba."

Kifaru huyooo! Vundu, vundu, vundu... chubwi! Topeni mpaka masikioni. Chumvi hakuna hata punje.

"Uwiii! Nani kanifanyia hivi?"

"Mimi, babu," Nguchiro akajibu akiwa juu ya jiwe. "Nisamehe. Salamu hata Fisi anazijua. Mwenye uchungu ndiye hana nafasi ya kuuliza habari za mguu wako! Uliza ndege ni wa nani. Chiriku yule kalelewa barazani kwa binti wa Bi Pimbi, mji mzima unamjua. Kunguru je?"

Kifaru akainamisha pembe. Aibu ilimshika, masikini.

"Leo wako, jana wa Fisi. Na mimi ndiye niliyempitisha," akasema. "Kafungue tenga, mjukuu wangu. Kimbia!"

Purrr! "Mama njoo! Mama njoo!" Bi Pimbi hakungoja amalize. Alijifunga kanga kiunoni huku anakimbia, akafika mtoto ndio kwanza anachomoza kichwa.

Jioni chiriku akarudi bila hodi wala shikamoo: "Wa kike! Wa kike!"

Kifaru, tope limemkaukia puani, akamfungulia lango wazi, na yeye ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza.

Hadithi imekwisha, funzo lake chukueni mkalale nalo: salamu ikiwa tamu, uliza kwanza nani kaituma.