Ngiri na Kikao cha Barabarani

Paukwa! Mbona mnaitikia kama mmelala njaa? Narudia, paukwa! Pakawa. Haya, sasa sogeeni.

Hapo zamani za kale palikuwa na mji wa wanyama, na barabara yake kuu ilikuwa ya kukimbilia tu. Nyumbu mbio, pundamilia mbio, vumbi mpaka kwenye chungu cha mboga. Mama Kanga alikaa upande huu, kisima kilikuwa upande ule. Kila siku alivusha vifaranga wake roho juu. Siku kifaranga mmoja alipokanyagwa akafa, Mama Kanga alilia, kisha akaenda kwa Mzee Tembo, mkuu wa mji. Akaomba mbio zikatazwe pale, na miti ipandwe.

Ngiri, muuza mihogo ya kuchoma kando ya barabara hiyo, akafoka. "Mnataka watoto wangu wafe njaa? Anayekimbia ndiye huona njaa; mteja wa kutembea ananunua nini?"

Basi desturi ya mji ule, jambo la barabara hujadiliwa papo hapo barabarani, wote wameketi, na kikao hakivunjwi mpaka kila mwenye neno alimalize. Mama Kanga akaenda kualika wasemaji.

Akaanza Konokono. Salamu peke yake zilikula wiki. Akafuata Kinyonga: akaunga mkono, akapinga, akaunga mkono tena. Akaja Kobe, na masika na vuli zikamkuta bado yuko kwenye utangulizi.

Muda wote huo nani angekimbia, na barabara imejaa makalio? Vifaranga wakavuka wakicheza. Mama Kanga akapanda mipapai, ikakua, ikatoa kivuli. Wasikilizaji wakiona njaa, hatua tatu tu, wako kwa Ngiri. Mihogo ikawa inaisha kabla ya adhuhuri.

Hatimaye Kobe akamaliza. Mzee Tembo akasema, "Tupige kura."

Ngiri akaruka. "Ngojeni, Mzee. Mimi bado nina neno."

"Bwana Ngiri," akasema Mama Kanga, "si ukubali tu mbio zikatazwe?"

"Sikubali kamwe," akajibu Ngiri, akafuta jasho chini ya mpapai, akaendelea kupinga.

Anapinga mpaka leo, huku mkewe akigeuza mihogo. Mama Kanga hupita na wanawe kwenda kisimani, akamwambia, "Pole na kazi."

Funzo ni hili: kuna mtu hatakiri kamwe kwamba alikosea. Msimbishie. Mwacheni aseme, nyinyi vukeni.

Yangu yamekwisha. Aliyesikia amsimulie aliyesinzia.