Bima ya Dereva wa Hovyo

Dereva Sikudhani alikuwa amelipa faini zake na kurudishiwa leseni, lakini Kihwele, wakala wa bima, akamtajia bei maradufu.

“Ulifungiwa leseni wewe. Dereva wa hovyo halipi bei ya waungwana.”

“Sawa, bosi. Basi likague gari langu kwa kuliendesha, ingawa sidhani kama utaliweza.”

“Mimi?” Kihwele alimpokonya ufunguo, akampakia kando yake, akaliingiza gari barabarani kwa mbwembwe. Mara trafiki akawasimamisha akague bima.

Jasho lilimtoka Kihwele. “Gari hili halina bima!”

“Na dereva ni wewe, muungwana,” alisema Sikudhani. “Nikatie upesi kwa simu yako, kwa bei ya waungwana. La sivyo, kesho utajikatia mwenyewe bima ya madereva wa hovyo.”

Trafiki alipofika dirishani, bima ilikuwa inasoma kwenye mfumo.