Mkeka wa Kauli

Hapo zamani, enzi za kusuka mikeka barazani na kuombana chumvi bila haya, Zawena alitimiza miaka minne hajatamka hata "mama". Na ukorofi, loh! Akitaka maji asieleweke, anajibwaga chini. Akinyang'anywa kitu, anauma. Watu wakasema mtoto kalaaniwa. Uongo mtupu! Maneno alikuwa nayo tele moyoni, ila hayakupata pa kutokea.

Kwao ilikuwa desturi: mtoto akitamka neno lake la kwanza, anasukiwa mkeka mdogo wa kukaliwa na wawili. Siku ya harusi yake atauketia na yule aliyempa kauli.

Basi leo Zawena ni bi harusi. Mkeka umetandikwa, unanukia ukili wa utotoni, na machozi yanamlengalenga. Shughuli imesimama, kwani hajui amwite nani.

Mama yake, Saumu, akasema, "Mwanangu, mimi nilizisoma ishara za mikono yako. Mtaa mzima uliniambia nikuchape, sikukuchapa. Nimegombana na ndugu zangu kwa ajili yako."

Kweli. Zawena aliikumbuka kanga ya mama aliyokuwa akijifichia kila akilia.

Shangazi Mize akadakia, "Wifi, wewe ulimwelewa mno, aseme ya nini? Mimi nilikaa naye nikisuka, kila chane ya ukindu naitaja: hii nyekundu, hii nyeupe. Mwaka mzima hanijibu, nami sinyamazi. Maneno yake yote nimemtia mimi!"

Kweli pia. Hadi leo Zawena akiona chane nyekundu anaisikia sauti ile.

Chausiku, shoga yake tangu wakicheza kombolela, akakunja mkono wa gauni. Alama za meno zikaonekana.

"Uliniuma nikarudi, ukaniuma nikarudi. Siku moja nikachoka, nikakupa mgongo, naenda zangu kwetu. Ndipo ukapiga ukelele: 'Rudi!' Hilo ndilo neno lako la kwanza, Zawena. Nami nikarudi."

Zawena akaketi, akapapasa nafasi iliyobaki pembeni yake. Watatu wanamtazama, na wote anawapenda. Akafungua kinywa, maneno yakamkwama kooni kama zamani zile.

Haya, nyie mlionyamaza kama yeye, msaidieni: wa pili mkekani, awe nani?