Punda wa Muuza Maji

Siku ya mbio za punda, matari yakivuma Lamu nzima, tajiri Shekuwe alimsimamisha Famau, muuza maji.

"Jana nilimwona punda wako akipaa ufukweni kama upepo. Tubadilishane."

"Huyu ni kama mwanangu, bwana!"

"Wangu mchukue na shada lake la asumini."

"Moja kwa moja, bila kurudishiana? Mbele ya watu hawa?"

"Moja kwa moja!"

Famau akafuta machozi, akapokea kamba.

Mbio zilipita katikati ya nyumba za watu. Punda mpya wa Shekuwe, bwana wake mgongoni, akawaacha wote, kisha akasimama ghafla mlangoni kwa Mwana Esha, naye akatoka na ndoo. Punda akatimka tena, akasimama kwa mshona kofia, naye akatoka na mtungi.

"Usimchape, bwana!" Famau alimwambia Shekuwe akimpita juu ya punda mwenye shada. "Amebakisha wateja kumi na wawili. Kule ufukweni hana hata mmoja."